Salamu zangu zimemaliza dakika za Minza

Leo nimetoka jasho kuliko siku ile niliyomkimbiza fisi kwa miguu kutoka Migato mpaka Maswa.

Minza, binti wa marehemu kaka yangu, yule manju aliyeimba Simiyu nzima ikacheza, alikuwa kwenye shindano la kuimba, mubashara kwenye runinga, aimbe wimbo wake wa kwanza. (Baba yake nilimfundisha mimi. Ng'ombe walikuwa wanaacha kunywa maji.)

Jana alinisihi: "Baba mdogo, piga simu uniombee kura kidogo tu. Wanasema nabebwa na jina la baba."

Nimejaza watu dukani hapa Binza. Nikapiga, wakapokea studio, nikawa hewani.

Sasa jamani, mtu mzima anaanzaje bila salamu?

"Mwangaluka, mwanangu."

Mtoto akapiga magoti mbele ya kamera, na gauni lake la kung'aa. Nikauliza afya, mvua, hata ng'ombe, na mwenyewe amepanga chumba kimoja Dar. Kila swali anaitikia, "Mhola, baba."

Mtangazaji akasema muda umekwisha.

Mwenye duka akanigeukia: "Mzee, umemsalimia mpaka amekosa kuimba."

Minza amenipigia mara tatu. Sijapokea.

Nyie mnaojua mambo, nikipokea nianze na nini?