Nilipasuliwa presha ya macho, mboni ikavutika juu

Wakuu, salaam. Wewe unayesoma, nipe sikio dakika chache. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Malindi, na sijaongeza chumvi.

Mimi ni fundi wa kanzu. Jicho langu la kushoto lilikufa kwa presha ya macho, yaani glakoma, kabla sijajua kama naumwa. Haina maumivu. Inakula uoni kutoka pembeni kidogo kidogo, nawe unashona tu.

Likabaki la kulia. Nalo likaanza.

Daktari wa Kilifi alinieleza kwa utulivu: maji ya ndani ya jicho hayapati pa kutokea, yanabana mshipa wa kuonea. Atatoboa kijitundu juu, chini ya kope, maji yapate njia. (Tuelewane hapa: oparesheni hii hairudishi kilichopotea. Inaokoa kilichobaki.)

Ikaenda salama. Masharti yakawa matatu: nisifikiche jicho, nisibebe kizito, nisiiname kichwa kikawa chini.

Nikamwendea imamu wetu kuuliza habari ya sijida.

"Khamisi, dini haikutaki upofuke. Sali kitini, ashiria kwa kichwa."

Basi nikakaa kitini, pamoja na wazee wanaoumwa magoti. Rafiki yangu Athman akanidaka mlangoni mwa msikiti: "Shikamoo babu! Bakora umeiacha wapi?"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Lakini iliniingia. Nina miaka arobaini na sita.

Ijumaa iliyofuata jicho lilikuwa limetulia kabisa. Nikajiambia, leo tu. Nikasujudu kwenye swala ya Ijumaa. Nikasujudu alasiri. Sikuona tofauti, nikaendelea.

Jumatatu asubuhi mke wangu, Mwanaisha, alikuwa akinitia dawa ya matone. Mkono wake ukasimama hewani.

"Baba Salma, hebu nitazame. Mboni yako imefanya nini?"

"Imefanya nini?"

"Si duara. Imechongoka juu, kama mbegu ya tikiti."

Nikaenda kwenye kioo. Kweli, ncha ilielekea palepale nilipotobolewa. Halafu nikagundua jambo la pili: uso wangu ulikuwa ndani ya ukungu.

Wakuu, hata kuvaa nilishindwa. Vifungo vya shati alinifunga Mwanaisha. Njia nzima hadi Kilifi nilimtazama usoni tu, nikihofia baada ya siku ile sitamwona tena.

Daktari akanikalisha kwenye mashine yake ya taa, akalichungulia jicho.

"Sehemu ya rangi inayozunguka mboni imevutwa, imeingia kwenye kijitundu na kukiziba," akasema. "Presha imepanda tena. Hutokea kwa wachache."

"Ni kwa sababu nilisujudu?"

"Siwezi kuapa. Humpata hata aliyetulia. Lakini kuinama hakukukusaidia, bwana."

Nikarudishwa thieta siku ileile, kijitundu kizibuliwe. Nilikuwa macho, naona mwanga tu ukicheza, nikisoma kila dua niliyoijua.

Alhamdulillahi, presha ilishuka. Naona, na ninashona, ingawa polepole. Mboni haijarudi kuwa duara. Jua la mchana hunichoma na taa huniletea miale. Na bado kila asubuhi naogopa kidogo kabla ya kufungua jicho.

Simlaumu Athman, utani ni wetu siku zote. Aliyeona aibu kukaa kitini ni mimi. Niliambiwa na daktari, nikaruhusiwa na imamu, nikayaacha yote kwa sababu ya kicheko cha mlangoni.

Kama unangojea oparesheni hii, usikimbie kwa ajili ya kisa changu. Bila hiyo ningekuwa gizani sasa. Aliyepitia kama haya, au mwenye mzazi aliyepitia, aandike hapa chini. Nitajibu ninachokijua.

Na wewe uliyefanyiwa juzijuzi: kila asubuhi kaa penye mwanga, mtu wa nyumbani akutazame mboni. Ikibadilika umbo, au ukiona ukungu, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyohiyo.