Kilio Bila Maiti

Kwenye aveni yetu hapa Lubumbashi, njia hufungwa kwa jambo moja tu. Mtu akifa, majirani hukata matawi ya miti, huyalaza katikati ya barabara, hutandika mikeka na kupanga viti. Dereva akiona matawi anajua kuna kilio, anapunguza mwendo, anageuza gari bila kupiga honi. Hakuna anayeuliza kibali. Nimekua nikiona hivyo, ndiyo maana siku nilipoziona zile nguzo damu ilinichemka.

Zilisimikwa na jirani yetu mwenye depo ya sukari na mafuta, pale kona aveni inapoanzia. Wezi walikuwa wamekuja na kamioneti, gari dogo la mizigo, wakalirudisha kinyumenyume na kulisukuma lango lake hadi likaanguka, wakapakia walichotaka. Kwa hilo ninamhurumia, sisemi uongo. Angezipanda nguzo mbele ya lango lake tungempongeza. Lakini bwana mkubwa alichimba barabara nzima, kutoka ukuta wake hadi ukuta wa ng'ambo, akasimika vipande vya reli za zamani ndani ya simenti, virefu vya kufika kiunoni. Nguzo ya katikati ilikuwa ya kutolewa, yenye kufuli, kwa ajili ya malori yake. Ufunguo aliutia mfukoni mwake.

Mwisho wa pili wa aveni yetu unagonga ukuta, hakuna pa kutokea. Yaani alitufungia sote ndani kama kuku ili yeye alale usingizi.

Mama yangu alikuwa na mguu mmoja mzito, ulioachwa hivyo na kiharusi. Kwa fimbo aliweza kutoka kitandani hadi langoni, na hapo langoni taksi ilimngoja, impeleke misa siku ya Jumapili au hospitali siku ya mazoezi ya mguu. Uhuru aliobaki nao ulikuwa huo.

Jumapili ya kwanza taksi iliishia kona. Kaka zangu walimbeba Mama juu ya kiti cha plastiki, kama kabati linalohamishwa, na watoto wa aveni wakifuata nyuma. Alijifunika uso kwa kitenge. Jumapili iliyofuata alisema hajisikii vizuri. Siku ya mazoezi pia hajisikii vizuri. Nilijua anachoumwa: alikuwa anaumwa kile kiti. Nilijua pia kwamba tukiacha hivi, hatatoka tena mle ndani mpaka siku ya kuzikwa.

Nikaenda depo.

"Papa, mama yangu hawezi kupita. Utupatie na shiye funguo ya ile kadena."

Hakuinua macho kwenye simu aliponijibu. "Mama, ni juu ya sécurité. Nikipatia weye, kesho kila muntu atakuya kulomba."

Nikaenda kwa mkuu wa mtaa. Alinisikiliza, akahema, akaniambia yule mfanyabiashara anausaidia sana mtaa. Nilirudi nyumbani nikitukana njia nzima, kwa sauti ya chini, maana nimelelewa vizuri.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Ile chuma ni ya reli?"

"Ni ya reli, mama."

Marehemu baba alifanya kazi ya reli maisha yake yote. "Papa yako alikuwa analalisha ile chuma chini, bantu bapite," Mama akasema. "Uyu anaisimamisha, basipite."

Asubuhi yake aliniomba mkeka na kitenge chake cha msiba. Alikifunga kiunoni, akashika fimbo, akaanza kutembea kuelekea kona. Nilimletea kiti, akakikataa. Alipumzika kwenye kila lango, mimi nyuma yake na mkeka kwapani, na roho mkononi. Kwenye nguzo akaniambia nitandike, akaketi chini, akanyoosha ule mguu wake.

Majirani wakatoka mbio. "Mama, ni nani alikufa?"

"Njia inafungwa, hamuone? Njia inafungwa kama muntu alikufa. Muulize mwenye depo, ni nani alikufa kwake."

Wanawake walimwelewa kabla yangu. Walirudi majumbani, wakaja na vitenge vyao na mikeka yao. Mmoja alikata matawi akayaegemeza kwenye nguzo. Mwingine akaanzisha wimbo wa kanisani, ule wa mazishi, wote wakaitikia macho makavu kabisa. Wateja wa depo walipofika kona walivua kofia, wakatoa pole kwa sauti ya chini, wakageuka bila kununua kitu.

Kukaa kilio mbele ya nyumba ya watu walio hai kwetu si mchezo. Ni kukiita kifo kwa jina. Mke wa mwenye depo ndiye aliyetoka kwanza, akapiga magoti mbele ya Mama.

"Mama, tunakulomba, musitulilie na shiye tuko bazima."

"Basi mutoe kile mulipanda."

Mumewe akaja, uso umemvimba kwa hasira. Akafungua kufuli, akatoa nguzo ya katikati, akamnyooshea Mama ufunguo. "Kamata, mama. Iko yako."

Mama hakunyoosha mkono. "Njia haina mulango, papa. Ng'oa yote."

Wanawake wakaanza wimbo mwingine. Hatukuondoka hadi wafanyakazi wake walipoleta nyundo na sururu wakavunja simenti. Nguzo alizipanda upya mbele ya lango lake, pale zilipopaswa kuwa tangu mwanzo. Hakutuomba msamaha, na mimi hadi leo salamu yake naiitikia kwa shida.

Jumapili taksi ilifika langoni. Mama alipanda mwenyewe, amevaa kitenge chake kizuri. Tulipofika kona, dereva aliona matawi yaliyonyauka yamebaki kando ya barabara, akapunguza mwendo, akavua kofia.

Mama akamgusa bega kwa fimbo. "Endesha, papa," akasema. "Hapa hakuna mwenye alikufa."