Beberu wa Nyumba Saba

Nikitaka kuwachekesha wenzangu wa maabara, huwaambia kwamba mtu wa kwanza kuniharibia utafiti alikuwa mzee wa kanisa, tena baba yangu mzazi.

Nilikuwa nasomea uzamifu katika vinasaba vya mbuzi. Watu walisema mbuzi wa kienyeji, wale wadogo, wamekwisha kwetu kwa kuzalishwa na madume ya gredi, yale makubwa yenye damu ya kigeni. Mimi nilitaka kupima damu nijue. Nikaamua kuanzia nyumbani, Mukurweini, nikidhani mahali ambapo hata mbwa wananijua kazi itakuwa rahisi. Nilimpigia baba simu nikamweleza kwamba natafuta mbuzi wa kienyeji. Akasema nimwachie yeye. Hapo ndipo nilipaswa kushtuka.

Kwa siku tatu nilizunguka nyumba saba za kijiji chetu. Kila nyumba nilikalishwa kwanza, nikanywa chai na nduma mpaka suruali ikanibana, ndipo mwenye nyumba akatokea nyuma ya migomba akivuta beberu mkubwa wa kahawia, mwenye mistari miwili myeupe usoni na harufu ya kumliza mtu. Nyumba zote saba, beberu wa gredi. Niliandika kwenye daftari kwamba wazee wetu wameendelea. Kuanzia nyumba ya tatu mbuzi walininyooshea shingo wenyewe, nami nikasifu adabu zao. Nyumba ya tano nilikuta manyoya yameshanyolewa pale pa kuingizia sindano, nikamshukuru mwenye mbuzi kwa kunipunguzia kazi. Mimi huyo, msomi wa vinasaba.

Majibu ya maabara yalichukua miezi minane. Profesa wangu, mtu wa maneno machache, aliniita ofisini akanisukumia karatasi.

"Sampuli saba, mbuzi mmoja," akasema. "Umegawa damu ya mnyama mmoja kwenye chupa saba?"

Mtafiti akishajulikana kwamba anapika sampuli, hakuna chuo kitakachomgusa. Alinipa wiki moja nijieleze, la sivyo shahada ingeishia pale. Nililia chooni, nikanawa uso, kisha nikafungua picha nilizopiga kwa simu. Nyumba ya kwanza hadi ya saba, sikio la kushoto lilikuwa na pengo lilelile.

Kesho yake nilimkuta baba akikamua. Nikamwekea simu mbele ya macho. Akaitazama sana, kisha akaniuliza kama nimekula. Nilipomwambia kwamba nitafukuzwa chuoni kama mwongo, akaacha kukamua, na mambo yakatoka. Kabla sijafika alikuwa amepita kwa majirani kuwaonya kwamba binti yake anakuja na kazi ya chuo kikuu, asiaibishwe na vimbuzi vya mifupa. Beberu wake angepelekwa kila nyumba kwa njia ya nyuma, mimi nikichelewa kwenye chai.

"Lakini nilikwambia nataka wa kienyeji," nikasema.

"Nilifikiri ni heshima tu, Mami, ndio wale hawana mbuzi mzuri wasisikie vibaya." Huniita Mami kwa sababu nimepewa jina la mama yake.

Nilimkasirikia sana, na bado nilishindwa kumgombeza. Baba si mtu wa kuomba msamaha. Mama alizoea kuupokea kwa njia ya kilo mbili za sukari. Asubuhi ile baba alivua kofia, akasimama wima, akaniambia nimpigie profesa.

"Huyu mtoto hajadanganya," akamwambia. "Ni mimi nilizungusha hiyo mbuzi." Akasikiliza kidogo. "Ndio, hiyo moja. Nyumba zote."

Upande wa pili nikasikia profesa akicheka, kitu ambacho sikujua anakiweza. Nikaruhusiwa kurudia sampuli.

Tukazunguka nyumba zilezile, safari hii bila chai, baba akiwaambia watu watoe waliowaficha. Wakatolewa majike saba, wadogo, masikio mafupi, wenye mbuzi wakiomba radhi kana kwamba nimewakuta na vyombo vichafu. Nikashika sindano kwa furaha. Hao ndio niliokuwa nawatafuta, na walikuwepo muda wote, hatua ishirini kutoka kwenye kikombe changu.

Kisha nyuma ya kila mama wakaja watoto wakirukaruka, wote wa kahawia, wote na mistari miwili myeupe usoni. Kumbe baba aliwashukuru majirani kwa kuwaachia beberu, nyumba baada ya nyumba, mpaka kila jike akashika mimba.

Nilikaa kwenye nyasi nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na kicheko kilipokwisha machozi hayakukoma. Baba alidhani ni furaha. Akamnyanyua mtoto mmoja akaniletea, uso umemjaa fahari.

"Unaona? Si damu imekuwa mzuri?"

Nikamjibu kwamba imekuwa nzuri sana, kisha nikamwomba anishikie mama mtu. Wa kienyeji katika kijiji kizima walikuwa hao saba, na hakuna aliyekuwa kijana.