Maua Ndani ya Mafiga

Mpaka leo sijui maua yale yalikuwa yanafanya nini mahali pa moto. Nimeuliza watu wengi, hata waliosoma. Wananipa jibu, lakini likiingia kichwani halikai.

Tulikuwa tunakaa katika shamba la kahawa upande wa Ruiru, miaka ile ya Hali ya Hatari. Sisi ni watu wa magharibi. Mume wangu alipata kazi kwenye kinu cha kahawa kwa sababu wengi waliokuwa wakiifanya walikuwa wamebebwa na malori, na mimi nikawa mchumaji. Tulipewa chumba kimoja katika laini ya wafanyakazi. Kitanda upande huu, mafiga upande ule, moshi katikati. Waliokaa humo kabla yetu waliacha misumari mitatu ukutani, basi. Sikuuliza walikwenda wapi. Siku zile mtu hakuuliza.

Msichana wetu alikuwa na miaka minne. Alikuwa ameugua surua, akapona, lakini alibaki mwembamba, macho tu. Mume wangu akaandika barua nyumbani bila kuniambia. Jibu lilipokuja ndipo akanisomea. Mama yake alisema akimaliza kupalilia mahindi atapanda gari la moshi aje amwone mtoto, na akikuta hakai vizuri atarudi naye.

"Atarudi naye kwa muda gani?" nikamuuliza.

"Barua haisemi."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema yule ni mama yangu."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake yote. Nikaanza kukitazama chumba changu kwa macho ya mtu anayeshuka garini kuja kukikagua, na sikupenda nilichokiona.

Wiki ile ile nyapara akanichagua niende nyumba kubwa ya mwenye shamba kukung'uta mazulia, kwa sababu mwanamke wa kazi ile alikuwa amejifungua. Sikuwa nimewahi kuingia nyumba ya Mzungu. Nilivua viatu mlangoni, mpishi akaniambia nivae, nikavaa, memsahib, mke wa mwenye shamba, akaja akatazama miguu yangu, nikavua tena.

Nisikilizeni vizuri, kwa sababu niliyoyaona humo sikuyaelewa hata moja. Kulikuwa na sahani ukutani. Sahani nzuri, zina maua ya samawati, zimetundikwa juu ambapo hakuna mkono wa kuzifikia. Kulikuwa na viti vilivyovalishwa vitambaa vyeupe mgongoni, vimefumwa matundumatundu, kana kwamba viti vina aibu. Juu ya meza ndogo kulikuwa na picha ya mtoto wa kike ndani ya fremu ya fedha. Na mahali pa moto, pale penyewe pa kuwashia kuni, pamejengwa kwa mawe mazuri kuliko nyumba yetu nzima, hapakuwa na moto. Palikuwa na mtungi wa shaba umejaa maua.

Nikamuuliza mpishi kwa sauti ndogo, "Moto wao uko wapi?"

"Uko jikoni kwangu."

"Na haya maua?"

"Mama, mimi niko hapa miaka minane. Sijauliza. Kung'uta zulia."

Nilikung'uta. Lakini niliporudi laini jioni ile nilikuwa kama mtu aliyepigwa kofi. Niliona jinsi ukuta wangu ulivyokuwa mweusi. Niliona kwamba sanduku letu liko uchi. Nikawaza hivi: hakuna mtu anayeweza kuingia katika nyumba kama ile na kusema mtoto hakai vizuri. Nikifanya chumba changu kiwe kama ile, hata kwa kipande tu, mama mkwe atatazama, atanyamaza, atarudi peke yake. Sikuwaza zaidi ya hapo.

Nilimwomba nyapara chokaa, akanipa nusu ndoo. Nikasugua masizi, nikapaka kuta mara mbili. Jumamosi nikaenda Thika kutafuta kitambaa cheupe. Mwenye duka, Mhindi mzee, akaniuliza nataka cha nini.

"Cha kiti," nikasema.

"Ya kukalia?"

"Hapana. Cha kuvalisha kiti."

Akanitazama, akamwita mke wake kutoka nyuma ya duka aje asikie. "Kiti ya huyu mama nasikia baridi," akamwambia. Wakacheka wote wawili. Nilinunua nikaondoka. Njiani ndipo nikakumbuka kwamba sisi hatukuwa na kiti chenye mgongo. Tulikuwa na kigoda na sanduku la mbao.

Basi nikalivalisha sanduku. Nilishona kingo kwa uzi mwekundu, pembe nne, kila pembe na kitu nilichokusudia kiwe ua. Jirani yangu, mwanamke Mkikuyu wa chumba cha pili, alikuja kuchukua sindano niliyomletea, kwa sababu yeye hakuruhusiwa kwenda Thika bila karatasi. Akasimama mlangoni.

"Haiya, mama wa kairitu. Hii sanduku imeolewa lini?" Kairitu kwao ni msichana.

"Acha mchezo wako."

"Na mahari imekula nani? Mimi sijaitwa."

Alikuwa na mdomo mchafu lakini roho yake ilikuwa safi. Nilipomwambia kwamba chokaa itaharibika nikiwasha moto, na kwamba nataka kupika kwake mpaka mgeni aje aondoke, alikubali. Aliniuliza swali moja tu. "Na huyo mgeni, yeye anashiba kwa macho?" Sikumjibu kwa sababu sikuelewa alichouliza. Siku hizi nadhani naelewa, lakini sina hakika.

Siku ya mgeni niliamka mapema. Misumari mitatu na sahani tatu za bati, nikaona kama ni mpango wa Mungu. Nikazifunga kwa kamba ya mkonge mbele na nyuma, msalaba, nikavuta mafundo kwa nguvu zisianguke, nikazitundika. Mafiga nikayafagia majivu mpaka yakawa kama mawe ya mtoni. Halafu nikaenda kando ya reli, nikakata yale maua ya manjano marefu ya mwituni, nikayatia kwenye kopo la mafuta ya kupikia, nikaliweka katikati ya mafiga. Nilisimama mlangoni nikatazama. Nitasema kweli hata kama mtanicheka: nilikiona kizuri. Sijawahi tena kuona chumba changu chochote kizuri namna ile.

Mtoto nikamwogesha, nikampaka mafuta, nikamwambia, "Leo kukhu anakuja, na kukhu akija tutakula nyama."

Kwa lugha yetu kukhu ni nyanya. Lakini mtoto huyu alikulia laini, akicheza na watoto wa Kikuyu, na Kiswahili ndicho kilichokuwa mdomoni mwake. Sisi wazazi tulikuwa tunarudi tumechoka na tunasema lolote linalokuja. Sikufikiri alisikia nini.

Mume wangu alimpokea mama yake stesheni ya Ruiru, wakafika jua liko utosini. Mama mkwe alikuwa mwanamke mrefu, wa maneno machache, amefunga kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi. Mkononi alikuwa na kikapu, na ndani ya kikapu alituletea zawadi, kuku jike, kichwa nje.

Mtoto alikimbia. Nilifurahi kuona anakimbia. Alimpita nyanya yake, akachuchumaa mbele ya kikapu, akasema kwa heshima yake yote, "Karibu, kukhu."

Hakuna aliyecheka. Mume wangu alitazama viatu vyake. Mama mkwe akachuchumaa pia, akamwuliza kwa lugha yetu kama anamjua yeye ni nani. Mtoto akanitazama mimi nimsaidie. Akamwuliza tena, polepole. Mtoto akasema kwa Kiswahili, "Huyu mama anataka nini?"

Mama mkwe akaingia ndani. Nilikuwa nimejitayarisha kumwona akishangaa, na alishangaa kweli, lakini si vile. Alisimama mbele ya mafiga muda mrefu.

"Nani anaumwa tumbo?" akauliza.

"Hakuna, mama."

"Haya majani kwetu tunachemshia mtu wa tumbo. Na mbuzi. Ni mtoto?"

"Mtoto ni mzima, mama. Ni pambo tu."

Alilitamka neno lile polepole, pambo, kama mtu anayeonja kitu asichokijua. Akainama, akaweka kiganja juu ya jiwe moja la mafiga, akakiacha hapo. Lilikuwa baridi. Kwetu mwanamke haachi mafiga yapoe siku ya mgeni ila amefiwa, au ameikataa nyumba. Nililijua hilo tangu utotoni. Nililijua, na bado nilikuwa nimefagia majivu kwa mikono yangu mwenyewe. Nielezeni jambo kama hilo, maana mimi siwezi.

Akamwuliza mtoto, sasa kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Mama napika nini hapa?"

"Mama hapiki hapa," mtoto akajibu. Alisema ukweli.

Wakati huo huo jirani akaingia na sufuria mbili, ugali na nyama ya mchuzi, akamsalimu mgeni, akaziweka chini, akatoka haraka kwa sababu aliona nyuso zetu. Nikasema chakula tayari. Nikaenda kuchukua sahani, na sahani zilikuwa ukutani.

Yale mafundo hayakufunguka. Nilivuta, nikatumia kucha, nikatumia meno. Mkonge ukikaza umekaza. Nyuma yangu mvuke wa nyama ulikuwa unaisha.

"Sahani zimefungwa kwa nini?" akauliza mama mkwe. "Zilikuwa zinatoroka?"

"Nimeona kwa Wazungu, mama. Katika nyumba kubwa ndivyo wanavyofanya. Na maua pia. Ni nyumba nzuri sana."

"Wana watoto?"

"Wana msichana mmoja. Nimeona picha yake."

"Yeye mwenyewe hukumwona?"

"Mpishi alisema amepelekwa Ulaya, anasoma huko."

Alimtazama mwanawe, mwanawe akatazama ukuta. Nilitaka kusema, mama, nilifanya hivi ili uniachie mtoto. Lakini ningeyasemaje mbele ya jiwe baridi? Nikaendelea kuuma kamba.

Mama mkwe hakula chakula kilichopikwa kwa moto wa mwanamke mwingine. Hakukikataa kwa ubaya, alisema tu tumbo limejaa safari. Akatoa lile kopo la maua akaliweka nje ya mlango kwa utaratibu, hakulitupa, akaniomba kuni. Nikampa. Akawasha, akapuliza, akakoroga uji kwa unga wa wimbi aliokuja nao. Moshi ulipanda kwenye chokaa yangu nikiutazama. Mtoto alikaa karibu na magoti yake akanywa bakuli la kwanza, akanywa la pili, mtoto ambaye tangu surua nilikuwa nambembeleza kwa kijiko. Mimi nilipompikia uji hakunywa vile. Hata kabla ya maua hakunywa vile. Sijui kwa nini.

Mama mkwe alikaa nasi siku nne. Siku ya nne alisema, akiwa anapepeta mchele, bila kuniangalia, "Nitakwenda naye mpaka avune meno ya kwanza."

"Akianza kung'oka meno?" nikauliza, maana sikuamini nimesikia sawa.

"Ndiyo. Atajifunza kusema. Atanenepa."

Mtoto huanza kung'oka meno akiwa na miaka sita au saba. Nilihesabu kwa vidole, nikahesabu tena. Nilimtazama mume wangu. Alisema, "Ni mama yangu," kama alivyosema siku ya barua, lakini safari hii sauti ilikatika katikati, nikajua hata yeye hakupenda. Basi sisi wawili hatukupenda na wote wawili tukanyamaza. Wajukuu wananiuliza kwa nini sikukataa. Nawajibu kwa ukali waende wakaoshe vyombo.

Stesheni, mama mkwe alinishika mkono. Akaniambia, "Nyumba yako ni nzuri. Sikusema si nzuri." Nikakaa na maneno hayo miaka. Kama ni nzuri, mbona anabeba mtoto? Kama si nzuri, mbona aniambie ni nzuri? Hakuwa mtu wa kubembeleza mtu, yule mama. Hakusema neno asilolimaanisha.

Kwa dirisha la gari la moshi mtoto alikuwa anamwonyesha kitu kwa kidole na kukiita kwa Kiswahili, na nyanya yake anakiita kwa lugha yetu, na kila mmoja anamsahihisha mwenzake. Hakulia. Mimi nilitaka alie kidogo tu.

Alirudi baada ya miaka mitatu, mnene, meno mawili hayapo mbele. Nilikuwa nimesimama mlangoni tangu asubuhi. Alinijia taratibu, akapiga goti, akanipa mikono miwili, akaniuliza kwa lugha yetu, vizuri kabisa bila kukosea hata neno moja, kama watu wa nyumba hii hawajambo, kama wameamka salama, na kama kazi za shamba zinakwenda.

Ndivyo mgeni anavyosalimu mwenye nyumba asiyemjua. Nikamwitikia.