Walimpigia Bwana Yangu Nikiwa Macho

Kabla ya hiyo Jumanne nilikuwa mtu wa afya. Ninauza nguo za watoto za mitumba hapa Kiuu, na sikuwa nimelala hospitali tangu nimzae Neema. Nilikuwa na miaka ishirini na nne. Kufa ni kitu cha watu wengine.

Maumivu yalianza asubuhi nikifua. Chini, upande wa kushoto, kama mtu anakaza kamba ndani. Nikasema ni hedhi tu, imechelewa. Halafu bega likaanza kuuma. Bega na tumbo vinajuana wapi? Nilipoinamia beseni nikaanguka. Jirani yangu Mama Brayo alinipata midomo imekuwa nyeupe. "Wee, amka, usinifie hapa na nguo hazijasuuzwa," akaniambia, na akaita tuktuk.

Hospitalini Ruiru wakanipiga skani. Daktari akasema mimba imekaa kwa mrija wa uzazi, mrija umepasuka, damu inamwagika tumboni. Lazima wautoe, na haraka. Nikamwambia, "Toa."

Sista akaleta fomu. Nikanyoosha mkono. Akaivuta.

"Haya ni mambo ya uzazi, mama. Hapa bwana ndiye huweka sahihi. Ako wapi?"

Baba Neema anafanya kwa kiwanda Thika. Huko simu zinaachwa kwa mlinzi getini mpaka saa ya chakula. Nilimwambia sista hivyo. Nikampa nambari kutoka kichwani, akapiga. Akapiga tena. Tumbo linafura, limekuwa gumu kama ubao, jasho baridi, macho yanaingia giza na kurudi. Kila nikisema nipe kalamu, ananijibu, "Tulia mama, tunamtafuta."

Saa nzima.

Aliyeniokoa ni daktari mwanamke aliyekuwa anaingia zamu. Alisimama kando ya kitanda, akasikiza, akauliza, "Huyu si anaongea? Mbona mnatafuta mwingine?" Akanipa kalamu yake. Sahihi yangu ilitoka kama kuku amepita kwa karatasi. Sikumbuki kitu kingine mpaka nilipoamka, damu ya mtu nisiyemjua ikiingia mkononi.

Baba Neema alifika akiwa bado na gambuti za kazi miguuni. Alikuwa amekuta simu kumi na tisa zilizompita. "Kwani walitaka niwaambie nini?" akauliza. "Kwamba ufe?"

Nilikaa wiki sita bila kuinua beseni. Kumbe yule daktari alikuwa amepeleka neno kwa kamati ya maadili ya hospitali, wale wanaoangalia kama mgonjwa ametendewa haki. Nikaitwa. Watu saba, na chai. Mwenyekiti akafungua faili, akasoma: mgonjwa alikuwa hajitambui, ndiyo maana bwana alitafutwa.

Nilishtuka kuliko ile siku ya damu.

Nikamuuliza, "Kama nilikuwa sijitambui, nambari ya bwana yangu mlipewa na nani?"

Yule sista wa fomu alikuwa hapo hapo. Akasema polepole, "Tumezoea hivyo. Kuna bwana alikuja siku moja akanishika kola, eti nimemharibia bibi bila kumuuliza." Nilimwamini. Hasira bado ninayo.

Kamati ikasema wazi: mtu mzima anayejielewa anajiamulia mwenyewe. Ile fomu ni ya zamani na hakuna aliyewahi kuihoji. Wakafuta nafasi ya sahihi ya bwana nikiona. Kwa faili yangu wakaandika upya, nikawasimamia mpaka neno la mwisho: mgonjwa alikuwa macho, aliomba kalamu.

Namshukuru Mungu, Mama Brayo, yule daktari, na aliyetoa damu yake bila kunijua. Na nyinyi wamama wenzangu, hedhi ikichelewa na tumbo liume pamoja na bega, usingoje kumaliza kufua. Ukifika hospitali wakuulize bwana yako ako wapi, waambie ako kazini. Halafu nyoosha mkono, na usiurudishe mpaka upewe kalamu.