Lavonne na Kitana cha Moto

Asubuhi ile polisi walikamata wanawake kumi na mmoja. Kosa lao nywele.

Ngoja nieleze.

Ilikuwa California, mwaka 1969. Nilikuwa nafagia saluni ya Bi Odessa. Shule niliishia darasa la saba, lakini macho yangu hayakuwahi kufukuzwa shule.

Lavonne, mwanaharakati wa Weusi, alikuwa binti wa kaka yake Bi Odessa. Kazi yake kuwafuata polisi mtaani na kitabu cha sheria. Wakimsimamisha mtu mweusi, yeye anasimama hatua kumi, anamsomea haki zake kwa sauti.

Ndivyo alivyowaona askari wawili wakimvunja mkono Mzee Tolliver. Shahidi mwingine hakuna.

Kesi ya Mzee dhidi ya askari hao ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi. Polisi wakatoa hati ya kumkamata Lavonne, eti alizuia kazi yao. Akiwekwa ndani kabla ya saa nne, Mzee hana kesi.

Saa moja Lavonne akaingia saluni kwa mlango wa nyuma, afro lake kubwa kama mwavuli.

"Shangazi, nichome nywele zinyooke."

Bi Odessa alilichukia lile afro kuliko shetani. Akaweka kikombe chini.

"Mwaka mzima unaniambia kitana changu ni cha utumwa."

"Bado ni cha utumwa. Fanya haraka."

"Kaa. Shika sikio lisiungue."

Saa mbili nzima. Katikati ya moshi akaingia Afande Purvis, mweusi mwenzetu, na picha mkononi. Picha yenyewe ilikuwa afro, na uso kidogo chini yake.

"Mmemwona huyu?"

Lavonne yuko kitini, kashika sikio.

"Hapa tunachoma nywele, afande," Bi Odessa akasema. "Mtu wa namna hiyo aje hapa kufanya nini?"

Purvis akacheka. "Kweli bwana. Wale bora wafe kuliko kuchoma nywele."

Akatoka. Nikaendelea kufagia.

Saa nne kasoro tukafika mahakamani. Lavonne kavaa kofia ya kanisani na glavu za Bi Odessa. Askari wa mlangoni, mwenye picha ileile, akatushikia mlango.

"Piteni, akina mama."

Ndani, Lavonne akaenda chooni. Nikasikia bomba likifunguliwa.

Nywele zilizochomwa, adui yao maji. Alipotoka, afro lilikuwa linainuka lenyewe, kama limeitwa jina.

"Saa mbili zangu!" Bi Odessa akalia. "Saa mbili nimesimama, wewe mtoto!"

"Niliyeona ni mimi, Shangazi. Acha niseme nikiwa mimi."

Jina lake likaitwa. Askari wa mlangoni akatazama picha, akamtazama yeye, akatazama picha tena. Alipoelewa, Lavonne alishakula kiapo.

Alisema yote. Walimkamata akitoka, akalala ndani siku tatu. Lakini hakimu alikwisha kuandika ushahidi wake, na Mzee Tolliver akashinda.

Wale kumi na mmoja, waliokamatwa kwa afro zao wakidhaniwa ni Lavonne, waliachiwa jioni. Wa tisa alikuwa mke wa Afande Purvis. Sijui nyumbani walizungumza nini.

Bi Odessa sasa anauza vitana vya afro. Anasema ni biashara tu.

Ndugu yangu, ukimtafuta mtu, anza na uso. Anayetafuta nywele atapata nywele, na huenda ni za mkewe.