Picha ya Kwelea

Mjukuu wangu ametundika ukutani kalenda ya ndege, na mwezi huu ni wa kwelea: mdomo mwekundu, suke la mtama. Nimewaonea wivu upya.

Mimi na mama tulikuwa shambani kwetu Ngokolo tukiwafukuza kwa kombeo, Mzungu mmoja akaja na kamera, akapiga magoti.

"Mama, sogea," alisema. "Kivuli yako naingia kwa picha."

Mama alishusha kombeo, akasogea. Kwelea wakala mtama wetu kwa raha zao huku wakipigwa picha, nami nikawaonea wivu. Mama hakuwahi kupigwa hata moja.

Kalenda hii naitazama pembeni kwanza, pale mtama unapoishia, nikitafuta ncha ya kaniki yake.